Kupanga upandikizaji wa nywele kwa mwenye kipara kikubwa

Kila nikikaa kwenye kiti cha kinyozi wangu pale Magomeni, kuna mtu atasogea kuuliza: "Kaka, walikupandikiza ngapi, na uliwalipa shilingi ngapi?" Wengine wananitumia picha za vichwa vyao usiku wa manane. Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, maana idadi iliyowekwa kichwani kwangu haimsaidii mwenzangu hata kidogo. Kinachosaidia ni kujua namna ya kupanga.

Mwongozo huu ni wa mwenye kipara kikubwa: mbele hakuna kitu, utosini hakuna kitu, umebaki ukanda unaotoka sikio moja hadi jingine kupitia kisogoni. Mwenye uwazi kidogo pembeni mwa paji la uso anaweza kukosea akarekebisha. Sisi hatuna nafasi hiyo.

Mimi nilikaribia kukosea. Kliniki moja iliangalia picha moja tu niliyowatumia kwa WhatsApp, ikaniahidi vipandikizi 6,000, yaani mashina ya nywele ya kung'oa kisogoni na kupanda kwenye kipara, kwa siku moja na kichwa kizima kujaa. Nilishatuma malipo ya awali. Aliyeniokoa ni daktari wa ngozi aliyeniwekea lenzi kisogoni akaniuliza swali moja: "Hizo 6,000 zitatoka wapi?" Malipo yale sikurudishiwa, lakini kisogo changu kipo salama.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Nywele za kisogoni na za pembeni haziathiriki sana na homoni inayoua zile za utosini. Ukizihamisha, zinaendelea na tabia ya kule zilikotoka. Hilo lilielezwa na daktari Norman Orentreich wa New York mwaka 1959, na upasuaji wote wa leo umesimama juu yake. Kwa hiyo kisogo ndicho kitalu chako. Tofauti na kitalu cha miche ni kwamba hiki hakioteshi tena: kipandikizi kikishang'olewa, pale kilipotoka pamebaki patupu milele. Hata nywele za ndugu yako wa damu huwezi kuazima, mwili utazikataa, isipokuwa mkiwa mapacha wa kufanana.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Picha za kichwa kutoka mbele, juu, utosini, kisogoni na pande zote mbili, zilizopigwa mchana nywele zikiwa zimekua kama sentimita moja.
- Plastiki angavu ya kufunikia madaftari ya shule, kalamu ya alama, na karatasi ya grafu ya sentimita.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba. Usifiche hata unga uliopewa na bibi.
- Vipimo vya presha, sukari, wingi wa damu, VVU, na homa ya ini B na C.
- Pesa ya awamu ya kwanza, pamoja na akiba ya awamu ya pili. Usitegemee bima, hii huhesabiwa kuwa ni urembo.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua unachofanya, atakayekusaidia siku za mwanzo.
- Muda. Tangu uanze kupanga hadi uone matokeo ya awamu moja, hesabu miaka miwili.

Hatua ya 1. Hakikisha ni upara wa kurithi

Nenda kwa daktari wa ngozi kabla hujaongea na kliniki yoyote ya nywele. Hapa Dar, kliniki ya ngozi ya Muhimbili ni mahali pazuri pa kuanzia. Walio kaskazini wana hospitali ya KCMC pale Moshi, ambako kuna kituo cha kanda cha kufundishia madaktari wa ngozi.

Unataka jibu la maswali mawili. La kwanza: nywele zimepotea kwa sababu gani? Mapunye, kaswende, upungufu wa damu, matatizo ya tezi la shingo na magonjwa yanayoacha makovu ndani ya ngozi yote huondoa nywele, na mengine hutibika bila kupasuliwa. Kina mama, hili linawahusu zaidi: uwazi wa pembeni unaoletwa na misuko ya kubana, au ule unaoanzia katikati ya utosi ukitanuka, usikimbilie kupandikiza. Kama ugonjwa bado una moto, vipandikizi navyo vitakufa.

La pili: kisogo chako kina afya? Wanaume wengi wa Kiafrika wana vile vipele vigumu vya kisogoni wanavyovilaumu kwa mashine ya kinyozi. Vipele hivyo viko juu ya kitalu chenyewe. Vitibiwe kwanza, vitulie.

Tahadhari: kama umewahi kutoboa sikio, kuchanjwa au kujikata ukaota kovu lililovimba na kupita mipaka ya jeraha, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Hiyo ni keloidi. Huenda ukashauriwa usipasue kabisa, au ufanyiwe jaribio la vipandikizi vichache na kusubiri miezi kadhaa muone ngozi itajibu vipi. Kliniki inayolichukulia jambo hili kijuujuu, achana nayo.

Hatua ya 2. Jua daraja lako na lile unaloelekea

Madaktari wanatumia mizani ya Norwood, iliyotolewa mwaka 1975, yenye madaraja saba. La 6 ni pale upara wa mbele na wa utosini ulipokwisha kuungana. La 7 ni ule ukanda mwembamba tu uliobaki chini. Watazame baba, baba wadogo na wajomba, kwa kuwa upara hurithiwa pande zote mbili. Ukiwa daraja la 5 na wajomba wote ni la 7, panga kama mtu wa la 7.

Kijana wa miaka 22 akiniuliza, namwambia asubiri. Ramani yake bado haijakamilika kuchorwa.

Hatua ya 3. Pima eneo lenye upara

1. Tandaza plastiki kichwani, mwenzako aibane vizuri.
2. Chora mpaka wa upara kwa kalamu ya alama. Weka alama pia ya pale unapotaka nywele zianzie mbele.
3. Toa plastiki, ikate mikunjo ili ilale bapa, iweke juu ya karatasi ya grafu.
4. Hesabu miraba ya sentimita moja kwa moja. Vipande vya pembeni viunganishe viwili viwili.

Changu kilikuwa sentimita za mraba 210. Kwa madaraja ya 6 na 7, usishtuke ukikuta 200 au zaidi. Daktari atapima upya, lakini ukifika ukiwa na namba yako mkononi mazungumzo yanabadilika kabisa.

Hatua ya 4. Pima kitalu

Hii usiifanye peke yako. Daktari atumie lenzi kuhesabu mashina kwa kila sentimita ya mraba, sehemu kadhaa za kisogo na pembeni. Shina moja, ambalo ndilo kipandikizi kimoja, hubeba nywele 1 hadi 4. Vichwa vya Kiafrika huwa na mashina kama 60 kwa sentimita ya mraba, pungufu ya vya Wazungu vinavyofika 80 na kupita. Lakini nywele zetu za kipilipili hujikunja na kufunika ngozi kubwa zaidi, na weusi wa nywele juu ya ngozi nyeusi huficha mapengo.

Muulize wazi: "Kwa maisha yangu yote, ni vipandikizi vingapi vinaweza kutoka hapa bila kisogo kuonekana kimeliwa?" Mara nyingi utasikia idadi kati ya 4,000 na 6,000, na mwenye daraja la 7 hupata pungufu kwa sababu ukanda wake ni mwembamba. Mimi niliambiwa 4,200.

Tahadhari: kama lenzi inaonyesha nywele za kisogoni nazo zimeanza kuwa nyembamba nyembamba, kitalu chenyewe kinaumwa. Upasuaji haukufai. Afadhali ulie leo kuliko kulia baada ya kulipa.

Hatua ya 5. Gawa ulichonacho

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kipara chenye sentimita 210, ukitaka vipandikizi 30 tu kwa kila sentimita, nusu ya wingi wa kuzaliwa, ni 6,300. Mimi nina 4,200. Hesabu haifungi, na hakuna daktari duniani anayeweza kuifunga. Mwenye kipara kikubwa anaanza kwa kuamua wapi pasipandwe.

Mimi na daktari wangu tuligawa hivi:

- Mbele, sentimita 60, vipandikizi 35 kwa kila moja: 2,100.
- Katikati, sentimita 80, vipandikizi 20 kwa kila moja: 1,600.
- Utosi, sentimita 70: sifuri.

Jumla 3,700, akiba 500. Mbele hupewa zaidi kwa sababu ndiko kunakochora sura. Mtu akikusalimia anaona hapo. Utosi unameza vipandikizi bila shukrani: nywele zake huzunguka kama kimbunga, hivyo hazilaliani, na upara ukitanuka utabaki na kisiwa cha nywele katikati ya uwazi. Nimekiona kisiwa hicho kwenye kichwa cha mtu ninayempenda. Anavaa kofia mwaka mzima.

Mstari wa mbele usiushushe. Ukipima kutoka katikati ya nyusi kwenda juu, kwa kipara kikubwa uanze sentimita 8 au hata zaidi, na pembe za pembeni ziachwe zimeingia ndani kidogo kama za mtu mzima. Najua wengi wetu tulikuwa na mstari ulionyooka wa ujanani, ule kinyozi alioupiga kwa wembe hadi ukakaa kama rula. Kuurudisha kunakula mamia ya vipandikizi, na ukifika miaka 60 hautalingana na uso.

Ndevu nzito za chini ya kidevu zinaweza kuongeza idadi, huwekwa katikati zikichanganywa na za kisogoni. Kama kunyoa hukutoa vipele vya kidevuni au una dalili za keloidi, ndevu ziache.

Hatua ya 6. Anza dawa kabla ya kisu

Minoksidili ya kupaka na finasteridi miligramu 1 ya kumeza ndizo zilizothibitishwa zaidi kwa wanaume. Finasteridi iliidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 1997. Hazioteshi kichwa kilichokwisha kuwa laini kabisa. Zinalinda kilichobaki, kikiwemo kitalu. Zipe miezi 6 hadi 12 kabla ya upasuaji.

Finasteridi ni ya kuandikiwa na daktari. Wachache hupungukiwa hamu au nguvu za ndoa, wengine huzuni huwazidi. Ikitokea, rudi kwa daktari usikae kimya. Mke mjamzito asiguse vidonge vilivyovunjika. Usichangie damu ukiwa unaitumia. Na ukipimwa tezi dume, sema kuwa unaitumia, maana inashusha majibu ya PSA, kipimo cha damu cha tezi hiyo, kwa karibu nusu.

Mafuta ya kukuza nywele yasiyo na lebo, yale yanayouzwa kwa mkono, usiyapake juu ya ngozi unayotaka kuipasua.

Hatua ya 7. Chagua njia ya kuvuna

Ziko mbili. Ya kwanza, ukanda wa ngozi hukatwa kisogoni, jeraha likashonwa, na mashina yakachambuliwa chini ya darubini. Inabaki alama ya mstari. Ya pili, iitwayo FUE, shina moja moja hutobolewa kwa kifaa cha mviringo chenye upana wa karibu milimita moja, yakabaki madoadoa madogo.

Vijana wa Dar wengi wanataka FUE kwa sababu wananyoa chini. Sawa, lakini jua hili: nywele ya kipilipili imepinda hata chini ya ngozi. Mtobozi asiyezoea atakuwa anakata mashina katikati na kuyaua, na wewe utalipia maiti. Njia ya ukanda ina hasara ndogo zaidi katika hilo, ila kovu lake litaonekana ukinyoa kipara. Kama una nia ya kwenda Hija na kunyoa kichwa, litafakari mapema.

Hatua ya 8. Mchague mpasuaji, usichague jengo

Ukipata huduma hapa nchini, uliza namba ya usajili wa daktari kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi wanaelekea Istanbul, kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar na saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukosa mazungumzo ya video kabla hujalipa. Huko kuna wapasuaji wazuri sana, na kuna vyumba ambako daktari anaonekana mlangoni tu, kazi yote wakafanya wasaidizi. Uliza:

1. Nani atatoboa, nani atachana matundu ya kupandia? Nataka jina.
2. Siku hiyo mna wagonjwa wangapi?
3. Nionyesheni vichwa vya Waafrika wenye kipara kama changu, vikiwa na miezi 12, utosini na kisogoni pia.
4. Kati ya mashina 100 ya kipilipili mnayotoboa, mangapi hukatika?
5. Mtanipa maandishi ya idadi iliyovunwa na iliyopandwa?

Jibu la "vipandikizi bila kikomo kwa bei moja" ni sababu ya kufunga simu. Kitalu chako kina kikomo, wao wamekipata wapi kisicho nacho?

Hatua ya 9. Weka tarehe

Juni hadi Agosti ni afadhali kwa Dar, jua na jasho vimepungua. Usiweke wiki sita kabla ya harusi au send-off yako, utakuwa kwenye kipindi kibaya kuliko vyote. Epuka Ramadhani kama utahitaji dawa za mchana. Kuhusu kupaka maji kichwani kwenye udhu na kusujudu siku za mwanzo, muulize sheikh wako na daktari wako kabla hujasafiri, siyo ukiwa na bandeji.

Kazi kubwa ifanyike kwa awamu. Mimi nilipandikizwa 2,300 kwanza, mbele yote na mwanzo wa katikati, kisha 1,400 baada ya miezi 14. Ganzi ina kiwango chake kulingana na uzito wa mwili, na shina likikaa nje muda mrefu linadhoofika.

Wiki moja kabla, acha pombe na sigara. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako, aliyekuandikia ndiye aseme.

Hatua ya 10. Siku 14 za mwanzo

- Usiku tano za kwanza lala nusu umekaa, mito miwili au mitatu. Uvimbe utapungua kidogo.
- Nyunyiza maji ya chumvi ya dawa uliyopewa. Osha kuanzia siku waliyokuambia, kwa kumimina kikombe, bila kusugua. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, tumia ya kunywa.
- Magamba yaache yaanguke yenyewe. Kwa kawaida yamekwisha kufikia siku ya 10 hadi 14. Ukibandua, unang'oa mche.
- Bodaboda marufuku kabisa. Bila helmeti ni hatari na ni kosa, na helmeti ikikwangua kichwa wiki ya kwanza pesa yako imekwenda. Panda bajaji au teksi. Kwenye daladala inama mlangoni.
- Bahari na bwawa la kuogelea, mwezi mzima hapana. Juani tumia mwavuli, kisha kofia pana isiyogusa pale daktari akikuruhusu.

Mambo yakienda tofauti

*Siku ya 3 hadi ya 5 uso na macho vimevimba.* Ni maji ya ganzi yanashuka. Yataisha. Kaa wima.

*Wiki ya 3 nywele zote mpya zimeanguka.* Huu ndio wakati simu yangu huita zaidi. Nywele inaanguka, shina linabaki. Zinaanza kuchipua mwezi wa 3 au wa 4, nusu ya sura unaiona mwezi wa 6, na kukomaa ni mwezi wa 12 au zaidi.

*Homa, usaha, maumivu yanayoongezeka, au kipande cha ngozi kimekuwa cheusi.* Usiwasiliane na kliniki ya ng'ambo kwa ujumbe na kusubiri jibu. Nenda hospitali leo.

*Vipele mwezi wa 2 hadi wa 4.* Mara nyingi ni nywele ya kipilipili iliyojikunja ndani ikishindwa kutoka. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, usikamue. Vikizidi, muone daktari wa ngozi.

*Kisogo kina ganzi.* Wiki kadhaa, hata miezi. Mishipa ya fahamu hupona taratibu.

*Kovu linawasha na kuinuka.* Wahi. Keloidi ikiwa changa hujibu sindano vizuri zaidi kuliko ikishakomaa.

*Kisogo kina mabaka.* Walivuna kupita kiasi au mashina yote sehemu moja. Usikubali kuvunwa tena. Tatuu ya nukta nukta, ile inayofanana na nywele zilizonyolewa, huficha vizuri, mradi aliyeichora awe amezoea ngozi nyeusi na ngozi yako isiwe ya keloidi.

*Mwezi wa 15 mbele pamejaa lakini utosi unang'aa.* Kama ndivyo mlivyopanga, kazi imefanikiwa. Kinyozi akupunguze pembeni na kisogoni ili tofauti isipige kelele, na ukitaka, utosi huo ndio mahali pengine pa kuweka nukta. Akiba usiiguse kwa haraka. Zangu 500 daktari ameziandika kwenye faili, na nywele za juu ya masikio zikishuka zaidi tutazitumia huko.